Kununua nyumba Naka, Nakuru: tathmini ya ofisi ya mawakili iliyosimamia shughuli yetu

Ofisi ninayoitathmini ina mawakili watatu, iko katikati ya jiji la Nakuru, na kazi yake kubwa ni kusimamia mauziano ya ardhi na nyumba. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu baadhi ya niliyo nayo ya kusema ni malalamiko ambayo tayari nimewaandikia wenyewe, na ni haki yao kuyajibu kwanza. Mimi na mke wangu tuliwakabidhi ununuzi wa nyumba ya vyumba vitatu vya kulala katika mtaa wa Naka, na shughuli hiyo ilidumu muda mrefu sana kuliko siku 90 ambazo mikataba mingi ya mauzo hapa nchini huziweka kuwa muda wa kukamilisha. Hata hivyo ninawapa alama nne kati ya tano, na nyingi kati ya hizo walizipata kabla hatujatia sahihi mkataba wala kutoa senti moja ya bei ya nyumba.

Wanunuzi wengi hudhani kwamba uchunguzi wa hatimiliki ni ule upekuzi rasmi unaofanywa katika masjala ya ardhi, ambao hutoa cheti chenye jina la mmiliki, ukubwa wa kiwanja, na rehani, tahadhari (ilani ya mtu anayedai kuwa na haki juu ya kiwanja) au amri yoyote ya mahakama iliyosajiliwa dhidi yake. Cheti hicho ni cha lazima, lakini kinaeleza hali ya siku hiyo tu. Wakili aliyetuhudumia aliomba pia nakala iliyothibitishwa ya kadi ya kijani, yaani rejesta inayoonyesha kila aliyewahi kumiliki kiwanja, tarehe aliyosajiliwa na njia aliyokipatia. Aliomba ramani ya upimaji, kisha akamtuma mpima ardhi mwenye leseni kwenda kuhakikisha kwamba bikoni, yaani alama za mipaka zilizopo ardhini, zinalingana na ramani, na kwamba ukuta wa jirani haukuingia kwenye kiwanja tunachokitaka.

Tulipouliza kama kazi hiyo yote ilihitajika kwa nyumba ambayo mwenyewe anaishi ndani na hatimiliki anayo mkononi, alitueleza uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2023 katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Katika uamuzi huo majaji walisema kwamba hatimiliki haiwezi kumkinga mnunuzi, hata aliyenunua kwa nia njema, ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Kwa hiyo mnunuzi anapaswa kujua kiwanja kilitoka wapi, na hapa Nakuru swali hilo lina uzito wake. Baada ya uhuru mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa na kampuni za ununuzi wa ardhi, Ngwataniro na Nyakinyua zikiwa miongoni mwa zile zinazokumbukwa zaidi. Wanachama walishika vyeti vya hisa kwanza, mgawanyo wa viwanja ukafuata, na hatimiliki zikaja baadaye. Mahali popote ambapo hisa ilipita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya hatimiliki kutolewa, mnyororo wa umiliki unaweza kuwa na pingili iliyokatika, na ni heri kuiona pingili hiyo kabla ya kulipa.

Mnyororo wa nyumba yetu ulikuwa mzima hadi ulipofika kwa muuzaji mwenyewe. Muuzaji ni mama mjane, mtu mzima mwenye heshima zake, ambaye alituonyesha hatimiliki yenye jina lake na la marehemu mumewe pamoja na cheti cha kifo, akiamini, kama tulivyoamini sisi, kwamba mume akifariki mke hubaki na nyumba yote. Imani hiyo ni ya kweli pale tu wawili wanaposajiliwa kuwa wamiliki wa pamoja wasiogawanyika, kwa maana hapo msajili hupokea cheti cha kifo na kulifuta jina la marehemu, na aliyebaki huwa mmiliki pekee. Kadi ya kijani ilionyesha jambo tofauti: walisajiliwa kwa hisa sawa, nusu kwa nusu. Chini ya usajili wa namna hiyo nusu ya marehemu haimwendei mwenzake moja kwa moja. Huwa ni sehemu ya mirathi, na warithi wake ni lazima wapitie mahakamani. Hata pale ambapo hati ya wanaomiliki pamoja haielezi aina ya umiliki wao, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 huchukulia kwamba wanamiliki kwa hisa sawa. Maneno machache kwenye rejesta yalikuwa yameigawa nyumba mara mbili, na mama aliyeishi ndani yake miaka yote hakuwahi kuelezwa.

Hapa ndipo ofisi hii ilipojipatia heshima yangu. Wakala aliyetuunganisha na familia alitaka tutie sahihi haraka na tulipe asilimia 10 ya bei, ili sehemu ya fedha hizo igharimie kesi ya mirathi. Kwa sikio la mtu asiyejua sheria pendekezo hilo lilisikika la kiutu, kwani mama hakuwa na fedha za mahakama na sisi tulikuwa nazo. Wakili alikataa, akatupa sababu kwa maandishi. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inakataza mali isiyohamishika ya marehemu kuuzwa kabla hati ya usimamizi wa mirathi, yaani ile inayompa mtu mamlaka juu ya mali ya marehemu, haijathibitishwa na mahakama, na anayejiingiza katika mali ya marehemu bila mamlaka anatenda kosa la jinai. Mkataba tuliokuwa tunahimizwa kuutia sahihi ungekuwa dhaifu kwa nusu ya nyumba tangu siku ya kwanza, na amana yetu ingekuwa imekwisha kutumika. Maneno yake yalikuwa, “Mwalimu, mkilipa sasa mtakuwa mmenunua kesi, nyumba itabaki kuwa ya watu wengine.” Watoto wa yule mama, ambao wote ni watu wazima, walikubali kuchanga gharama za mahakama, nasi tukaandikiana barua ya nia njema, ambayo wakili alituonya waziwazi kwamba haimfungi mtu yeyote kuuza wala kununua.

Mtu akielewa hatua za mirathi hatamlaumu wakili kwa kila mwezi unaopita. Ombi hupelekwa mahakamani likiwa na cheti cha kifo, barua ya chifu inayowataja warithi na ridhaa zao. Kwa mali isiyozidi thamani ya shilingi milioni 20, mahakama ya hakimu mkuu inaweza kulisikiliza. Tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Kenya, na wenye pingamizi hupewa siku 30. Hati ya usimamizi ikishatolewa, sheria huweka miezi sita kabla ya kuithibitisha, ili wadai na warithi waliosahaulika wapate kujitokeza. Mahakama inaweza kuufupisha muda huo ikiona kwamba inafaa kufanya hivyo, na wakili wa familia aliombwa mapema na wakili wetu aitumie nafasi hiyo. Watoto waliridhia nusu ya baba yao imwendee mama yao moja kwa moja. Ridhaa hiyo ilirahisisha mambo mengi, kwa kuwa mjane mwenye watoto kwa kawaida hupata haki ya kuitumia mali maisha yake yote tu, na hawezi kuuza ardhi au nyumba chini ya haki hiyo bila idhini ya mahakama.

Ushauri mmoja waliotupa katika kipindi hicho ulituokolea fedha nyingi. Mkopo wetu ulitoka kwenye Sacco, wadhamini walikuwa wamekwisha kutia sahihi, na tulikuwa tayari kuzichukua fedha ili ziwe karibu. Wakili alituomba tupate barua ya kuidhinishwa kwa mkopo peke yake na tuziache fedha zikae kwenye Sacco hadi hati ithibitishwe, kwa sababu riba na makato ya mshahara huanza pale mkopo unapotolewa, wala Sacco haijali kama mahakama imemaliza kazi yake. Huo si ushauri wa sheria kwa maana ya kawaida, na hakuna aliyemlipa autoe. Ninautaja kwa sababu wakili anayefikiria mshahara wa mteja wake ni hazina.

Sasa nifike kwenye tahadhari, ambayo ndiyo iliyowanyima alama ya tano. Upekuzi wa kwanza ulionyesha kwamba mtu mmoja alikuwa ameweka tahadhari kwenye hatimiliki akidai kwamba marehemu alipokea fedha zake kwa ahadi ya kumuuzia kipande cha kiwanja. Tahadhari ikiwa imesajiliwa, msajili hawezi kuandikisha uhamisho unaokwenda kinyume nayo hadi aliyeiweka aiondoe, au mahakama iamuru iondolewe, au msajili mwenyewe aiondoe baada ya kumpa mhusika ilani. Njia zote tatu huchukua muda, na zote zingeweza kuanza siku ileile mirathi ilipoanza, kwa kuwa hakuna moja inayoisubiri nyingine. Ofisi ilikubaliana nasi hivyo, ikaandika rasimu ya barua kwa wakili wa familia, kisha wakili wetu akaenda likizo ya uzazi na faili letu likakaa juu ya meza ya mwenzake pasipo barua kutumwa. Tuligundua tulipokwenda kuuliza habari za mirathi. Likizo ilikuwa haki yake na ilijulikana miezi mingi kabla. Lawama ni ya ofisi, ambayo haikuwa na utaratibu wa kukabidhiana mafaili. Mteja anayelipia ofisi nzima anastahili ofisi nzima ijue faili lake limefika wapi.

Baada ya hapo walijirekebisha kwa bidii. Mwenye tahadhari aliitwa, akaleta stakabadhi zake, na ikadhihirika kwamba fedha alizitoa kweli. Badala ya kubishana naye mahakamani, mawakili wa pande zote walikubaliana kwamba dai lake litambuliwe kuwa deni la marehemu, lilipwe kutoka kwenye bei ya nyumba, na yeye aondoe tahadhari kwa hiari akiwa na ahadi ya maandishi ya wakili kwamba atalipwa siku ya kukamilisha. Ahadi ya namna hiyo ina nguvu, kwa sababu wakili asiyeitimiza anaweza kushtakiwa yeye mwenyewe na kufikishwa mbele ya vyombo vya nidhamu vya taaluma yake. Sioni njia nyingine ambayo ingetufikisha mapema zaidi, na ninafurahi kwamba mtu yule hakuachwa na karatasi zisizomfaa.

Mkataba ulitiwa sahihi baada ya hati kuthibitishwa, na ningependa kila mnunuzi auone mkataba wa aina hii. Siku 90 hazikuanza kuhesabiwa kutoka tarehe ya sahihi. Zilianza siku ambayo mambo mawili yaliyotajwa waziwazi yalitimia, yaani jina la mama kusajiliwa kwa nyumba yote na tahadhari kuondolewa. Amana ya asilimia 10 ilishikwa na wakili wa muuzaji kwa niaba ya pande zote mbili, bila ruhusa ya kumkabidhi muuzaji kabla ya uhamisho kusajiliwa. Upande ukichelewa bila sababu, mwingine ungeweza kuupa ilani ya siku 21, na ikiwa hatimiliki ingeshindikana, amana ingerudi pamoja na riba. Kulikuwa na kifungu pia kuhusu mpangaji wa nyumba ndogo ya nyuma, ambaye alipaswa awe amehama kabla ya funguo kutolewa. Nilikiona kidogo wakati ule, lakini nyumba yenye mpangaji asiyetaka kutoka humletea mnunuzi mgogoro mwingine mbele ya baraza la wapangaji au mahakama.

Katika kodi walikuwa wazi. Ushuru wa stempu hulipwa na mnunuzi, asilimia 4 kwa mali iliyo mjini na asilimia 2 kwa ya mashambani, na hukokotolewa baada ya mthamini wa serikali kukadiria mali. Tulishauriwa tangu mwanzo tusihesabu asilimia 4 ya bei tuliyokubaliana tu, kwa sababu makadirio yakizidi bei, ushuru hufuata makadirio. Yalizidi, na fedha za nyongeza tulikuwa tumeziweka kando. Kwa upande wa muuzaji ilikuwapo hofu ya kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, na mama alitaka kujitoa alipoisikia. Sheria ya kodi huisamehe nyumba ambayo mwenyewe ameishi ndani mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuiuza, na wakili wake alikusanya ushahidi wa makazi mapema. Wauzaji wengi husikia habari za kodi hii wiki ya mwisho, wakati mnunuzi amekwisha kupanga lori la kuhamia.

Cheti cha kutodaiwa kodi ya viwanja ya kaunti kilipatikana bila tatizo, na kwa kuwa nyumba yetu imo ndani ya jiji, hatukuhitaji idhini ya bodi ya ardhi. Anayenunua ardhi ya kilimo upande wa Njoro, Bahati au Rongai awaulize mawakili wake jambo hilo siku ya kwanza. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, mauzo ya ardhi ya kilimo hubatilika yasipopata idhini, na ombi linapaswa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba kufanywa. Zipo hukumu za Mahakama ya Rufaa zilizomlinda mnunuzi aliyekwisha kulipa na kuingia shambani bila idhini hiyo, lakini kinga ya kupatikana rufani, baada ya miaka ya kesi, si kitu cha kumpangia familia. Niliwasikia makarani wa ofisi hii wakimweleza mzee mmoja kutoka Njoro suala hilohilo kwa subira na kwa lugha aliyoielewa, na nikaridhika kwamba hawalifanyi kwa wateja wenye fedha pekee.

Mawasiliano yao kwa simu ni hafifu. Karani wa mapokezi ni mwungwana, lakini jibu lake la kawaida ni kwamba wakili yuko mahakamani, na ujumbe unaoachwa hauna uhakika wa kufika. Barua pepe hujibiwa vizuri zaidi, na majibu yake huwa kamili. Tulijifunza kuandika maswali yetu yote kwa pamoja na kuomba tarehe ya hatua inayofuata, na kila tulipofanya hivyo tulipata tarehe na ikatimizwa, isipokuwa katika ile habari ya tahadhari.

Kuhusu malipo, ada za mawakili kwa kazi hii huongozwa na viwango vya kisheria, ambavyo wakili haruhusiwi kushuka chini yake, kwa hiyo sikuona haja ya kuzunguka mjini nikitafuta bei ya kutupwa. Anayekuandikia mkataba wa ardhi kwa fedha kidogo katika duka la kuchapisha karatasi, bila kuwa wakili mwenye cheti cha mwaka huo, anavunja Sheria ya Mawakili, na kosa lake litakuangukia wewe. Kinyongo changu ni kwamba makadirio ya kwanza tuliyopewa hayakutaja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 inayotozwa juu ya ada, wala malipo ya mpima ardhi, na yote mawili yakajitokeza kwenye ankara ya mwisho. Hayakuwa malipo ya uongo, na stakabadhi za mpima ardhi nilionyeshwa, lakini ofisi iliyotufundisha kutenga fedha za ushuru wa stempu miezi kabla ilipaswa kututendea vivyo hivyo kwa ankara yake yenyewe.

Ninawapendekeza hasa kwa mtu anayenunua nyumba kutoka kwa familia, ambako marehemu, ndugu, wadai na wapangaji wote wana neno, kwa sababu huko ndiko uchunguzi wao wa awali unakofaa kuliko haraka ya ofisi nyingine. Anayenunua kiwanja kipya kutoka kwa kampuni yenye hatimiliki zilizokwisha kutenganishwa huenda asihitaji kazi yao yote, ingawa kadi ya kijani ningemsihi aiombe vilevile. Ukienda kwao, taka jina la wakili wa pili atakayelishika faili lako wa kwanza asipokuwapo, na taka makadirio ya malipo yanayojumuisha kodi na wataalamu wa nje. Hayo mawili ndiyo niliyowaandikia, na kwa lile la kwanza wamenijibu kwamba kila faili sasa linaandikwa majina mawili juu ya jalada.